Ng'ombe Azaapo na Kibanja Kistawipo: Historia Fupi ya Ulishaji katika Buhaya

Waswahili husema, "Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume." Methali hii aghalabu hutajwa kwa mzaha, mtu akitaka kuilalamikia bahati yake. Lakini katika Buhaya, hasa wilaya za Bukoba na Muleba katika mkoa wa Kagera, maneno haya hayana mzaha. Huko ndama jike azaliwapo haongezi maziwa peke yake. Huongeza samadi, na samadi ndiyo istawishayo migomba, na migomba ndiyo chakula cha watu. Kwa hiyo saa ya ng'ombe kuzaa imekuwa tangu zamani saa ya kupimwa mali ya nyumba nzima. Nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi watu wa huko walivyomtunza na kumlisha ng'ombe wakati huo, jinsi mambo yalivyobadilika baada ya mwaka wa 1890, na kwa nini mabadiliko hayo yafaa kufikiriwa na watu wa leo.

Kwanza yatupasa kuitazama nchi yenyewe. Pwani ya magharibi ya Ziwa Viktoria hupata mvua nyingi sana. Mjini Bukoba mvua ya mwaka mmoja hukaribia milimita 2,000, ingawa mtu akienda magharibi, akiuacha ukingo wa ziwa, mvua hupungua hata ikawa nusu ya hiyo au chini yake. Mgeni aionaye nchi hii ya kijani hudhani kwamba udongo wake ni wa rutuba. Sivyo. Mvua hiyo hiyo imekuwa ikiosha udongo kwa muda wa karne nyingi, hata sehemu kubwa ya ardhi imebaki maskini, haina nguvu ya kukuza ila majani magumu. Ardhi hiyo ya majani Wahaya huiita rweya. Na katikati ya rweya, kama visiwa baharini, vimekaa vijiji vya migomba na kahawa, na kila shamba la nyumba huitwa kibanja.

Tofauti ya kibanja na rweya ni kubwa mno, hata wageni wa zamani walidhani kwamba wenyeji walichagua mahali penye udongo mwema wakapanda migomba yao hapo. Mwaka wa 1938 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa Kiingereza, aliandika juu ya jambo hili, akaeleza kwamba rutuba ya kibanja ilikuwa kazi ya mikono ya watu juu ya udongo ule ule maskini. Rutuba hiyo iliwekwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa takataka za nyumba, majani ya kutandaza, na zaidi ya yote samadi ya ng'ombe. Ng'ombe alikwenda kula rweyani mchana, akarudi nyumbani jioni na rweya tumboni mwake. Kwa njia hiyo nguvu ya eneo pana la majani ilikusanywa mahali padogo penye migomba. Mtu akisema kwamba ng'ombe ndiye aliyeijenga Buhaya hatakuwa amekosea sana.

Ng'ombe wa zamani alikuwa yule mwenye pembe ndefu ajulikanaye kwa jina la ng'ombe wa Ankole, ambaye hupatikana toka Ankole na Karagwe hata Rwanda na Burundi. Pamoja naye walikuwako pia ng'ombe wadogo wenye nundu. Heshima ya ng'ombe katika falme za nchi hizi ilikuwa kubwa. John Hanning Speke alipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mwaka wa 1861, aliona jinsi wake wa jamaa ya kifalme walivyoneneshwa kwa maziwa. Na katika hazina ya wafalme wa Karagwe zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Huku chini, katika Kiziba, Kyamtwara, Kianja na Ihangiro, watu walikuwa wakulima wa migomba kwanza, na wenye ng'ombe walikuwa wachache kuliko wasio nao. Mwenye ng'ombe alijulikana kwa kibanja chake kabla ya kujulikana kwa zizi lake, maana mikungu yake ilikuwa minene kuliko ya jirani.

Usiku ng'ombe wengi hawakulala mbali na watu. Nyumba ya zamani, mushonge, ambayo kwa Kiswahili twaiita msonge, ilikuwa ya duara, imeezekwa kwa majani toka kileleni hata chini, na sehemu yake moja ilikuwa ya ng'ombe. Sakafu ilitandikwa majani yaliyokatwa rweyani. Yalipochakaa na kuchanganyika na mkojo na mavi ya ng'ombe yalitolewa yakatupwa migombani, mengine mapya yakaletwa. Tazama, basi, jinsi kazi moja ilivyofanya tatu: kitanda cha ng'ombe, usafi wa nyumba, na mbolea ya shamba.

Sasa tuje kwenye wakati wa kuzaa. Ng'ombe huchukua mimba muda wa siku 280 hivi, yaani miezi tisa na siku chache. Apatapo majani mema hupata nguvu, na apatapo nguvu humtaka dume. Kwa hiyo majani ya mvua za mwaka huu ndiyo yaitengenezayo mimba itakayozaliwa mwaka ujao. Mchungaji wa zamani hakuwa na kalenda ya karatasi, lakini aliijua mimba kwa kumtazama ng'ombe: kiwele kikijaa, mishipa ya kando ya mkia ikilegea, na mnyama akianza kujitenga na wenzake, alijua kwamba siku imekaribia. Hapo hakumpeleka tena malisho ya mbali. Alimwacha karibu na nyumba, akapata majani yaliyokatwa na kuletwa, na juu yake yale yatokayo kibanjani: maganda ya ndizi, majani ya mgomba, na gogo la mgomba lililokatwakatwa baada ya mkungu kuvunwa. Chumvi nayo ilikuwa kitu cha thamani, na ng'ombe aliipenda kama mtu.

Ndama alipozaliwa, dang'a, yaani yale maziwa mazito ya kwanza, ilikuwa haki yake. Ng'ombe wa pembe ndefu hashushi maziwa asipomwona mwanawe. Kwa hiyo mkamuaji alimwacha ndama anyonye kidogo, akamwondoa na kumfunga mbele ya mamaye, akakamua, kisha akamrudisha ndama amalizie. Ndama akifa, maziwa hukatika. Ndipo wafugaji wa nchi hizi za maziwa makuu walipotumia hila ya kumwonyesha mama ngozi ya mwanawe ili adhani yu hai. Ng'ombe wa namna hii hutoa lita moja au mbili tu kwa siku baada ya ndama kupata sehemu yake. Mtu wa leo hucheka aisikiapo hesabu hiyo. Lakini na aangalie upande wa pili wa hesabu: mnyama huyo aliishi kwa majani ya rweya ambayo hakuna aliyeyapanda, akavumilia kiangazi cha Juni hata Agosti, akazaa peke yake bila mganga, na kila asubuhi akaacha samadi chini ya paa. Chakula alichopewa wakati wa kuzaa kilikuwa kidogo kwa sababu haja yake ilikuwa ndogo. Desturi na mnyama vilipatana.

Kadhalika sheria ilipatana navyo. Si kila mtu aliyekuwa na ng'ombe wake mwenyewe. Tajiri aliweza kumweka ng'ombe kwa mtu mwingine. Mtunzaji akapata maziwa na samadi, na mwenye mali akabaki na mali yake na uzao wake, ila kwa mapatano mtunzaji huweza kupewa ndama. Hapo ndipo kuzaa kulipokuwa jambo la haki na deni. Ndama jike alikuwa mwanzo wa zizi jipya. Ndama dume alikuwa nyama au zawadi, basi. Maskini aliyengoja ndama jike miaka mitatu akapata dume baada ya dume aliielewa ile methali pasipo kufundishwa.

Mpango huu wote ulivunjika katika muda mfupi sana. Sotoka iliingia Afrika ya mashariki kwa njia ya pwani ya Eritrea mwaka wa 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka ng'ambo, ikashuka kusini mwaka hata mwaka. Kufikia miaka ya 1890 na 1891 ilikuwa imeingia katika nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria. Huo ndio wakati ule ule Emin Pasha alipoianzisha boma la Wadachi pale Bukoba, mwaka wa 1890. Alipoondoka mwaka uliofuata pamoja na Franz Stuhlmann kupita Karagwe, ugonjwa ulikuwa umekwisha kupiga. Katika sehemu nyingi za Afrika ya mashariki yakadiriwa kwamba walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Ng'ombe mwenye mimba huitupa mimba yake apatwapo na sotoka, hivyo ugonjwa uliua waliopo na waliokuwa bado kuzaliwa.

Wanahistoria wameandika mengi juu ya njaa ya wachungaji baada ya sotoka. Juu ya njaa ya migomba wameandika machache. Mgomba haufi mwaka ule ng'ombe afapo. Udongo huwa na akiba yake. Lakini akiba hiyo huliwa. Kibanja kilichozoea samadi ya vizazi vingi, kikikosa kwa miaka kumi au ishirini, mikungu yake hupungua, migomba hulegea, na wadudu hupata nafasi. Hasara ya mchungaji ilionekana siku moja, na hasara ya mkulima ililipwa polepole na watoto wake.

Na kwa nini ng'ombe hawakurudi upesi? Jibu lake limo katika kuzaa. Tuchukue mfano wa ng'ombe mmoja jike aliyesalimika. Ng'ombe wa pembe ndefu huanza kuzaa apatapo umri wa miaka mitatu au minne, na baada ya hapo huzaa mara moja katika mwaka mmoja na nusu hivi. Akiishi miaka tisa ya kuzaa, atapata ndama sita. Watatu ni madume. Katika majike matatu, mmoja afe kwa kupe au kwa fisi. Basi katika muda wa miaka tisa au kumi mtu ameongeza mitamba miwili. Kwa mwenye ng'ombe wengi kazi hiyo yawezekana; kwa mwenye mmoja ni kazi ya maisha; kwa asiye naye haianzi. Hivyo sotoka ilizidisha tofauti ya aliye nacho na asiye nacho. Katika nchi ambayo Wakama na jamaa zao walikuwa tayari na mamlaka juu ya mashamba ya watu kwa desturi ya nyarubanja, tofauti hiyo ilikuwa na uzito wake. Nyarubanja yenyewe haikuondolewa kwa sheria hata mwaka wa 1965, baada ya uhuru.

Serikali za Wadachi na Waingereza ziliitazama Buhaya zaidi kwa ajili ya kahawa. Kahawa ilileta fedha, na fedha ilijenga nyumba za bati na kulipa karo za shule. Lakini kahawa nayo ilipandwa katika kibanja kile kile, ikala udongo ule ule. Vita juu ya magonjwa ya ng'ombe viliendelea polepole. Majosho yalijengwa kwa ajili ya kupe waletao ndigana kali, ugonjwa uuao ndama kuliko wakubwa. Chanjo mpya ya sotoka ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake mnamo mwaka wa 1960, ikawa silaha iliyoishinda kabisa. Mwaka wa 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Ugonjwa uliovunja mazizi ya Ihangiro na Kiziba sasa hauko tena. Lakini kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka wa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia kaskazini ya mto Kagera, ng'ombe walinyang'anywa wakavushwa mpaka, na watu wa huko wakajua tena zizi tupu lilivyo.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 aliletwa ng'ombe wa namna nyingine: mtamba wa maziwa mwenye damu ya Friesian. Mradi wa kuendeleza mifugo katika Kagera, uliosaidiwa na Uholanzi, ulikuwa mmoja wa walioeneza mitamba hiyo kwa wakulima wadogo kwa njia ya "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe". Mkulima hupewa mtamba mwenye mimba, naye hulipa kwa mtamba atakayezaliwa, ambaye hupewa mkulima mwingine. Msomaji ataona kwamba jambo hili si geni. Ni mapatano ya zamani yaliyovaa nguo mpya, na ile methali imerudi pamoja nayo, kwa sababu mkopaji ambaye ng'ombe wake huzaa madume hubaki na deni mwaka hata mwaka.

Ila mnyama si yule. Ng'ombe huyu hufungiwa bandani, kwa sababu kupe wa rweyani wangemuua, na kwa sababu rweya yenyewe imepungua kwa kupandwa miti, chai na mashamba. Basi mahali pa ng'ombe kwenda kwenye majani, majani sharti yaende kwake. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 hutaka kilo 40 hivi za majani mabichi kila siku: mabingobingo, majani ya Guatemala, na yale yakatwayo kando ya njia. Aghalabu mzigo huo huchukuliwa kichwani na mama wa nyumba au watoto. Maji nayo, ndoo baada ya ndoo.

Wakati wa kuzaa ndipo tofauti ionekanapo wazi. Ng'ombe wa zamani alikausha maziwa yake mwenyewe. Huyu hana budi kukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa, la sivyo kiwele hakipumziki na ndama hana nguvu. Katika majuma ya mwisho huongezewa pumba na mashudu kidogo kidogo, ili tumbo lizoee chakula kizito kabla ya maziwa kuanza. Huwekwa peke yake mahali pakavu penye majani safi. Azaapo, ndama hupewa dang'a katika saa sita za kwanza, maana ndama huzaliwa bila kinga, na dang'a ndiyo kinga yake; ikicheleweshwa siku moja, tumbo la ndama haliwezi tena kuipitisha damuni. Kondo la nyuma huangaliwa kama limetoka, na lisipotoka halivutwi kwa nguvu bali mganga wa mifugo huitwa. Na kuna homa ya maziwa, ugonjwa ambao ng'ombe wa lita mbili haujui: ng'ombe atoaye maziwa mengi huishiwa na chokaa damuni siku chache baada ya kuzaa, hulala ameikunja shingo ubavuni, masikio yamekuwa baridi, naye hufa asipopigwa sindano ya chokaa upesi.

Hapa ndipo penye hatari ambayo historia hutuonyesha. Mkulima aliyepokea desturi ya babu zake humpa ng'ombe mpya chakula cha ng'ombe wa zamani. Humpa gogo la mgomba na maganda, akaona tumbo limejaa, akaridhika. Lakini gogo la mgomba, zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni maji. Humkatia mnyama kiu wakati wa kiangazi, na kwa ng'ombe wa lita mbili latosha kuongezea majani ya rweya. Kwa ng'ombe wa lita kumi ni kumjaza tumbo na kumfisha njaa. Basi hukonda baada ya kuzaa, hukawia kumtaka dume, na ndama wa pili ambaye ndiye wa kulipia deni au wa kufaidi nyumba huchelewa mwaka mzima. Watu husema damu ya ng'ombe haifai nchi hii. Kumbe kosa li katika hori. Kadhalika mtaalamu amlaumuye mkulima kwamba ni mjinga hukosea, kwa maana desturi ile haikuwa ujinga. Ilikuwa elimu kamili ya mnyama mwingine.

Na jambo moja halikubadilika. Katika bandani mwa leo, kama katika mushonge wa zamani, samadi huingia kibanjani. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka wa 2006 na mashamba mengi yakang'olewa, aliyekuwa na samadi alikuwa na cha kuanzia tena. Lakini yafaa kukumbuka kwamba samadi haiumbi rutuba; huihamisha tu. Zamani ilitoka rweyani. Siku hizi rweya ikiwa imegawanywa, majani yakikatwa mahali pamoja kila siku pasiporudishwa kitu, tutakuwa tunalisha kibanja kimoja kwa kukifisha kingine.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuisoma historia ya Bukoba na Muleba asiishie katika orodha za Wakama na tarehe za maboma. Na aende bandani usiku mmoja ng'ombe anapozaa, amtazame mwenye nyumba ameshika taa, akingoja kujua ni jike au dume. Katika kungoja kule mna deni la zamani, sotoka ya 1891, na chakula cha mwaka ujao. Haya niliyoyaandika ni machache. Wazee wa Ihangiro na Kiziba wana majina ya kila rangi ya ng'ombe na kila aina ya majani, na majina hayo yangali yastahili kukusanywa kabla hayajasahauliwa. Mwenye ziada na aongeze.